Samaki klauni bila anemoni: shajara ya tangi la sebuleni, Likoni, Mombasa

11 Januari 2025

Tangi limefika leo. Limevuka feri ndani ya tuktuk, limelazwa juu ya godoro kuukuu, fundi amelikumbatia njia nzima kama bi harusi asiyetaka kushuka. Sentimita 90 kwa 40 kwa 45. Nikiacha nafasi ya sentimita tano juu ni lita 144, na mawe yakishaingia nakisia maji yenyewe yatabaki lita 125 hivi.

Fundi huyu kazi yake ni madirisha na makabati ya dukani. Tangi la samaki ni la pili maishani mwake. Nilimng'ang'ania kwa jambo moja tu, silikoni. Inayonuka siki wakati wa kukauka ndiyo ninayoitaka. Ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu haifai kabisa, maana dawa inayoua kuvu haijui kubagua. Nilisoma maandishi ya mrija mwenyewe ndipo akaanza kugandisha.

Niandike mpango kabla sijaanza kujidanganya: samaki klauni wawili, wa bahari hii yetu, na anemoni, yule mnyama laini wa mwambani mwenye vidole ambamo samaki hawa hukaa, hapana. Kila niliyemwambia kaniuliza swali moja, "Sasa watakaa wapi?" Picha wanayoijua watu ni ya samaki mwenye mistari myeupe kajificha katikati ya vidole vinavyochezacheza, na watoto wa jirani wameshampa jina la yule wa kwenye katuni.

Mwambani samaki huyu ana sababu ya kukaa pale. Ni mdogo, haogelei kwa kasi, na nje ya anemoni wako wengi wa kummeza. Vidole vya anemoni vina vishale vya sumu; ute wa ngozi ya klauni hauvishtui, wa samaki wengine unavishtua. Hiyo ndiyo nyumba yake na askari wake. Katika tangi langu hakuna wa kummeza. Ulinzi anaoukimbilia kule, hapa hauhitajiki.

19 Januari

Siku nane silikoni imekaa. Nimejaza maji ya bomba, nikatandaza magazeti chini, nikalala. Asubuhi magazeti makavu. Lita 144 ni uzito wa kilo 144, na tangi lenyewe juu yake. Meza ya televisheni niliyoikusudia imelalamika tu nilipoiegemea, kwa hiyo nimejenga msingi kwa matofali na ubao mzito.

Matumbawe hai siyagusi. Nimeokota vipande vya mawe ya machimboni, yale yale ya kujengea nyumba zetu. Ni mwamba wa matumbawe wa zamani sana, una vitundu kila mahali, na bakteria wanapenda vitundu. Nimekataa kila kipande chenye simiti, maana simiti inapandisha pH, kipimo cha uchachu wa maji. Yanaloweka kwenye pipa, nabadilisha maji kila baada ya siku mbili.

30 Januari

Bamvua. Mwezi unaandama, maji yamejaa leo jioni mpaka kwenye ukuta wa mikadi. Nimeteka mitungi saba ya lita 20 ufuoni upande wa bahari kuu. Maji ya kreki siyataki, yana tope na yana majitaka. Maji ya baada ya mvua pia siyataki. Nimeyachuja kwa kitambaa cha kanzu ya zamani, nikayafungia chini ya ngazi penye giza. Yatakaa wiki mbili, viumbe vidogo vilivyomo vife na vitulie chini. Chumvi imesoma 35 kwa elfu, kama ilivyoandikwa vitabuni.

Walioko bara hununua chumvi ya paketi na kukoroga. Mimi nimelipa nauli ya mkokoteni.

14 Februari

Maji na mawe tangini. Kuna chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Nimetupia kamba mmoja mbichi aoze. Mama kapita, kasimama, kaondoka bila neno.

Kamba akioza anatoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa nitriti, wa aina nyingine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali huo. Hao bakteria hawapo bado, na hakuna wa kuwaharakisha. Wanaokimbilia kutia samaki siku ya pili ndio wanaorudi dukani kila mwezi kununua wengine.

6 Machi

Amonia ilipanda mpaka miligramu 4 kwa lita, sasa inashuka. Nitriti ndiyo inapanda. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kipimajoto: saa tisa alasiri, maji nyuzi 31.7.

Miongozo yote niliyosoma imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kila mmoja anaanza na hita. Mimi hita ningeifanyia nini? Huu ni mwisho wa kaskazi, na chumba chenyewe kinachemka. Samaki hawa wanataka 25 mpaka 28. Kwenye 31 hawafi hapo hapo, lakini maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na amonia ile ile inakuwa na sumu zaidi.

Hapa ndipo shauri la anemoni lilipoisha kabisa kwangu. Ndani ya mwili wake anemoni ana mimea midogo sana inayomlisha kwa mwanga, kama matumbawe. Kwa hiyo anataka taa kali, na taa kali ni joto. Joto likizidi anaitapika ile mimea na kugeuka mweupe. Mwaka 1998 pwani hii ilishuhudia miamba mizima ikifanya hivyo. Isitoshe anataka tangi lililokomaa kwa miezi, na asipoipenda sehemu anatembea, mguu kwa mguu, mpaka kwenye pampu. Akisagwa au akifa, maji yote yanaharibika naye. Ili nimpe samaki nyumba asiyoihitaji, ningeleta mgeni mwenye masharti kuliko mwenyeji.

Nimefungua kifuniko, nimeelekeza feni ya sebule juu ya maji. Baada ya saa tano, 29.2.

"Samaki wapigwa upepo na sisi tuliofunga twatokwa na jasho?" Mama kauliza.

"Mama, hata samaki bado hawajaja."

"Ndiyo waniambia wampepea kamba."

Sikuwa na jibu. Kesho nanunua feni ndogo.

15 Machi

Feni ina deni lake. Maji yanaruka lita mbili kwa siku, lakini chumvi hairuki. Nilisahau siku tano. Hesabu: lita 125 zikipungua kumi, chumvi ile ile imo katika 115, yaani kutoka 35 mpaka 38 kwa elfu. Nimepima, ni 38 kweli.

Kinachoongezwa ni maji matamu, si ya bahari. Hili limenichukua muda kulieleza nyumbani. Ya kisima chetu yana magadi, ya bomba yana klorini, basi nanunua mtungi wa maji yaliyochujwa pale dukani. Nimepiga mstari wa kalamu kwenye kioo. Kila asubuhi baada ya alfajiri naongeza mpaka mstarini.

24 Machi

Amonia sifuri, nitriti sifuri, siku ya tatu mfululizo. Nimebadilisha robo ya maji kupunguza nitreti. Nasubiri Idi ipite.

5 Aprili

Nimekwenda kwa muuzaji mwenye leseni, ambaye wapiga mbizi wake huuza samaki wa mapambo kwa wasafirishaji. Klauni wa pwani hii ni wa aina mbili. Yule mwenye rangi ya chungwa na mstari mweupe mmoja mgongoni ni Amphiprion akallopisos. Mzuri mno, lakini mwoga, na mwambani haondoki kwa anemoni wake hata hatua. Mwingine ni Amphiprion allardi: mwili wa kahawia unaokaribia weusi, mapezi ya manjano-chungwa, mistari miwili myeupe na mkia uliopauka. Huyu ni mkorofi, anaogelea mbali na nyumba yake, anakula chochote. Anafika sentimita 14 hivi akikomaa. Kwa tangi lisilo na anemoni nimeona mkorofi ndiye wa kuchukua.

"Chukua sawasawa kwa sawasawa, kijana," mzee kaniambia, akinionyesha wawili wa kimo kimoja.

"La, mzee wangu. Nipe mkubwa na mdogo."

Klauni wote huanza maisha wakiwa dume. Katika kundi, mkubwa kuliko wote hugeuka jike, anayemfuata ndiye mumewe, waliobaki wanangoja zamu. Jike akifa, mume anageuka jike. Ukiweka wawili walio sawa huweza kupigania ukubwa mpaka mmoja achanike. Nimechukua wa sentimita nane na wa tano. Katika beseni la muuzaji walikuwamo klauni wengine kumi na zaidi, na hilo ningepaswa kulitazama kwa jicho jingine.

9 Aprili

Mdogo amekufa.

Niandike nilivyoona, maana ndiyo faida pekee iliyobaki. Tarehe 7 alikuwa juu ya maji, akihema haraka. Tarehe 8 ngozi ilikuwa na ute mweupe unaoning'inia kama ukungu, rangi imefifia, hali chakula. Leo alfajiri nimemkuta nyuma ya jiwe. Si madoadoa kama chembe za chumvi, ni utando. Ugonjwa huu husababishwa na kijidudu kiitwacho Brooklynella, na huwapata klauni waliotolewa baharini kiasi kwamba wafugaji huuita ugonjwa wa klauni. Kijidudu hujigawa mara mbili pale pale juu ya ngozi, ndiyo maana kinakimbia hivyo.

Kosa ni langu. Samaki wa baharini anatakiwa kukaa karantini, beseni la peke yake, wiki nne. Nilijua. Nilitazama tangi lililokuwa tupu tangu Januari nikasema wao wenyewe ndio wa kwanza, watamwambukiza nani?

11 Aprili

Mkubwa nimemtoa, yuko kwenye beseni la plastiki la lita 40 barazani, na sponji na bomba la hewa. Anaogeshwa kwa formalini chini ya usimamizi wa rafiki anayefanya kazi ya ufugaji wa samaki. Kipimo sikiandiki: tone la ziada linaua samaki, na mvuke wake si wa kuchezewa ndani ya nyumba. Tangi litakaa bila samaki wiki sita kijidudu kife kwa kukosa pa kukaa. Bakteria nawalisha kwa vijipande vya kamba.

25 Mei

Siku ya 44. Mkubwa amerudi tangini, mzima, ute hakuna, anakula kutoka mkononi. Masika bado hayajaisha, maji yako 27 bila feni. Nimempigia mzee kuulizia mdogo mwingine. Kasema kusi limekaza, bahari chafu, watu wake hawashuki. "Ngoja matlai." Basi.

8 Juni

Habari ya nyumba.

Nilimwekea chetezo, kipya, cha udongo, hakijaona moto wala udi. Nilimnunulia sokoni makusudi, nikakilaza ubavu kwenye kona nzuri yenye kivuli. Wiki mbili hajakitazama.

Anapolala ni kona ya juu kushoto, penye waya wa pampu. Magharibi ikiingia anapanda pale, anajibana kati ya waya na kioo, anatikisa mkia polepole, mwili umeinama upande. Mara ya kwanza nilidhani anakufa. Kumbe klauni ndivyo wanavyolala, na hata mchana kuogelea kwake ni kwa kuyumba, kana kwamba kichwa na mkia havijakubaliana njia.

Nimesikia ya wafugaji ambao klauni wao walihamia kwenye sponji, kwenye hita, kwenye ganda la kombe, kwenye kitita cha mwani. Anachotafuta ni mahali pa kupaita pake. Wangu kachagua waya. Natazama, sijamhamisha.

29 Juni

Kahamia kwenye chetezo. Lakini hakai ndani! Anakaa mlangoni, uso nje, na mchanga wote uliokuwa mbele kaufukuza kwa mkia mpaka kioo cha chini kinaonekana. Nilipotia mkono kunyanyua jiwe alinijia mbio akaniuma kwenye kifundo cha kidole. Haiumi, inashtua tu. Nimevuta mkono mbele ya Mama, ambaye kacheka mpaka kakaa chini.

12 Julai

Mjomba kaja asubuhi na ndoo. Alikuwa mwambani, maji yalikuwa yamekupwa sana.

"Mjomba, nimekuletea godoro la samaki wako."

Ndani kulikuwa na anemoni, wa rangi ya mchanga, amejikunja kama ngumi. Kilichonichoma ni kwamba chini ya maji ya ndoo wako samaki wadogo wawili weusi wenye madoa meupe, waliokuwa wanaishi naye. Nilimshukuru, maana kanyanyuka na ndoo nzito kwa ajili yangu, nikamtazama mguu anemoni. Haukuchanika, alikuwa kashika jiwe dogo, na Mjomba alilitoa pamoja na jiwe. Ukichanika mguu mara nyingi haponi.

Nimemweleza ya taa, ya joto, ya pampu. Kanisikiliza.

"Kwa hiyo huyu ndani ya nyumba yako hafiki Ijumaa."

"Pengine anafika. Mwezi hafiki."

"Na samaki wako hamtaki?"

"Atamtaka sana. Lakini hamhitaji."

Hilo la mwisho hakulipenda, kasema mimi nampangia samaki mapenzi. Ila kabla maji hayajaanza kujaa tulikuwa tumerudi wote wawili mwambani, na yeye ndiye aliyekumbuka shimo lenyewe. Tumemrudisha na jiwe lake. Wale wadogo wameingia kwake kabla hata hajakunjuka.

21 Agosti

Stima ilipotea saa mbili usiku, ikarudi saa kumi na moja alfajiri. Jumla saa tisa. Pampu ya hewa ya betri ilibeba mpaka saa nane usiku, baada ya hapo ni mimi, kata ya nazi na usingizi: nachota, namwaga kutoka juu, nachota, namwaga, dakika tano kila nusu saa. Maji yakipasuka juu yanavuta hewa. Baridi ya kusi imenisaidia, maji yalikuwa 26. Ingekuwa Machi nadhani ningempoteza. Nimenunua betri ya pili.

27 Septemba

Mzee kapiga simu: bahari imetulia. Nimechukua mmoja, sentimita nne na nusu, na safari hii nimemtoa kwenye beseni alilokuwa peke yake. Karantini barazani, wiki nne, hata akicheka.

25 Oktoba

Mdogo kaingia tangini, lakini ndani ya chupa ya plastiki niliyoitoboa matundu. Siku tatu wataonana bila kugusana. Mkubwa kaizunguka chupa mchana kutwa akiinua mapezi. Miezi sita na zaidi kakaa peke yake, na kwa ukubwa wake sina shaka ameshageuka jike au yuko njiani. Chakula kwa wote wawili ni kamba na ngisi waliosagwa, kidogo, mara mbili kwa siku. Kinachobaki baada ya dakika mbili nakitoa.

28 Oktoba

Nimemfungulia. Dakika ya kwanza alikimbizwa tangi zima. Ya pili alibanwa kwenye kona. Nilikuwa na wavu mkononi tayari. Mdogo akalala ubavu akaanza kutetemeka, mwili mzima, kama aliyepigwa na baridi. Mkubwa akasimama. Akamzunguka mara moja, akarudi kwenye chetezo.

Kule kutetemeka ndiyo heshima yao: wewe mkubwa, mimi mdogo. Asiyetetemeka ndiye anayeumizwa. Nimeuweka wavu chini, lakini sikwenda mbali.

9 Novemba

Mdogo analala kwenye waya wa pampu. Kona ile ile ya juu kushoto, na hakuna aliyemwonyesha. Mkia una mkato mdogo, unapona. Nitreti imepanda, nimebadilisha lita 25.

22 Novemba

Usiku nimewasha tochi ya simu. Waya mtupu. Nimetafuta nyuma ya mawe, nimetazama sakafuni, maana klauni huweza kuruka nje. Mwishowe nikamulika chetezo: mkubwa mlangoni kama kawaida, na nyuma yake, kizani, mistari miwili myeupe midogo.

6 Desemba

Joto linaanza, 29.0 leo, feni imerudi kazini. Mama ndiye anayeongeza maji mpaka mstarini nikiwa safarini, na amenionya nisimnunulie chetezo kingine kwa pesa ya samaki.

Asubuhi nimetia mkono kusugua mwani kiooni, karibu na chetezo. Mkubwa katoka kaniuma. Nilipokuwa bado navuta mkono, mdogo katokeza nyuma yake, naye kaniuma.